Dohani ya Watengeneza Shira

Katika majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani, na kuvuka mpaka hadi Quebec nchini Kanada, mwezi wa Machi una kazi yake mahsusi. Usiku maji huganda, mchana theluji huyeyuka, na baina ya baridi ile na joto hili utomvu wa miti ya mepo huamka na kutiririka ndani ya mashina, ukadondoka katika ndoo au ukapita katika mipira iliyotandazwa msituni, mpaka ukafika kwenye banda la mbao ambalo paa lake limeachwa wazi sehemu ya juu ili mvuke upate njia. Humo mna tanuri refu la chuma, juu yake makarai mapana, na mwisho wake dohani inayopenya paa. Na pale dohani inapoanzia, nyuma kidogo ya karai la mwisho, pamechomekwa kipimajoto chenye uso wa duara na sindano moja. Makala haya yanahusu sindano hiyo, kwa sababu naamini kwamba aliyeelewa inachosema ameelewa sehemu kubwa ya sanaa ya kuchemsha shira kwa kuni, na aliyedhani inasema jambo jingine atateketeza kuni nyingi pasipo kupata haki ya jasho lake.

Tuanze na maji, maana hayo ndiyo mzigo wenyewe. Mgema wa pwani akishuka mnazini asubuhi na kibuyu chake huwa amechukua kinywaji ambacho utamu wake hutambulika mara kigusapo ulimi, kwani tembo jipya lina sukari inayozidi asilimia 10. Utomvu wa mepo huonekana na huonjeka kama maji ya kisima, na sukari iliyomo aghalabu ni asilimia 2 au kupita kidogo. Kanuni iliyoachwa na C. H. Jones wa Chuo Kikuu cha Vermont, ambayo mafundi huiita kanuni ya 86, yasema kwamba ukigawanya 86 kwa asilimia ya sukari iliyomo utapata idadi ya galoni za utomvu zinazohitajika ili kupata galoni moja ya shira. Kwa utomvu wa asilimia 2, jibu ni 43. Ndiyo kusema kwamba kwa kila galoni moja ya shira inayomiminwa juu ya chapati za maji katika nyumba za Burlington na Winooski, miji ya Vermont ambamo siku hizi Kiswahili husikika katika familia zilizotoka Kongo na Burundi, galoni 42 za maji zimelazimika kugeuka mvuke na kupotelea mawinguni.

Kuyapasha moto maji toka ubaridi wa theluji hadi yachemke ni kazi nyepesi ikilinganishwa na kuyageuza mvuke yakisha kuchemka, kwani kazi hii ya pili hutaka joto linalozidi mara tano lile la kwanza. Wazee wa kazi walizoea kukadiria kwamba rundo la kuni la mita za ujazo 3.6, ambacho ndicho kipimo chao cha kuuziana kuni, huzaa galoni 25 za shira, nazo ni kama lita 95. Ukilinganisha joto lililofichika katika rundo hilo na joto lililochukuliwa na mvuke, utaona kwamba lililofika mahali lilipokusudiwa halifiki nusu. Lililobaki limekwenda wapi? Kidogo limepotea kwa kupenya kuta za tanuri, kidogo limebaki katika makaa na majivu. Sehemu kubwa imepanda dohani.

Ili kuona limepitaje, yafaa kulitazama tanuri lenyewe toka mbele hadi nyuma. Mbele kuna mlango mzito wa chuma na chumba cha moto kilichojengwa kwa matofali yanayostahimili moto, na chini ya kuni kuna chanja ya chuma ambayo majivu hudondoka kwayo na hewa hupanda kwayo. Juu ya chumba hicho hukaa karai la mbele, bapa, ambamo shira humalizikia kuiva. Nyuma ya chumba, sakafu ya tanuri hupanda kwa mwinuko mpaka ikaribie kuligusa karai la nyuma, na karai hili si bapa hata kidogo: chini yake limekunjwa mikunjo mirefu myembamba inayoning'inia katika njia ya moshi, utomvu ukiwa ndani ya mikunjo na ndimi za moto zikipita baina yake, ili eneo la bati linaloguswa na moto liongezeke mara kadhaa bila ya karai kurefushwa. Moshi ukisha kuivuka mikunjo hauna tena pa kufanyia kazi. Huingia katika dohani, na chochote ulichobeba huenda nacho.

Mpango huu haukuzuka siku moja. Wenyeji wa asili wa nchi zile, Waabenaki, Wahaudenosaunee na Waanishinaabe miongoni mwao, walitengeneza sukari ya mepo kabla ya Wazungu kufika. Walowezi waliofuata walitundika masufuria ya chuma juu ya moto wa wazi, ambao joto lake lilitawanyika pande zote. Kisha yakaja makarai bapa yaliyolazwa juu ya kuta za mawe. Mwaka 1858 D. M. Cook wa Ohio akapata hataza ya karai lenye vizuizi vinavyoulazimisha utomvu kwenda huku na huku ukisafiri toka mwanzo hadi mwisho. Na mikunjo ya chini ikafuata baadaye. Kila hatua ilikuwa na shabaha moja, kulizuia joto chini ya karai kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuliachia. Daktari Benjamin Rush wa Philadelphia, aliyemwandikia Thomas Jefferson mwaka 1791 kuisifu sukari hii, alikuwa na shabaha nyingine ambayo yastahili kukumbukwa na sisi: alitumaini kwamba sukari ya mepo itapunguza haja ya sukari ya miwa iliyolimwa kwa mikono ya watumwa.

Sasa turudi kwenye sindano. Kipimajoto cha dohani hakipimi ukali wa moto, wala hakipimi nguvu ya mchemko. Hupima joto la moshi uliokwisha kuyapita makarai yote. Ni shahidi wa kilichoponyoka. Mgeni aingiapo bandani akaona sindano imepanda hushangilia, akadhani kazi inakwenda vizuri, na pengine inakwenda vizuri kweli, lakini sindano peke yake haikumpa ithibati hiyo. Kilo moja ya kuni kavu hutaka kilo 6 hivi za hewa ili iungue yote. Tukikadiria kwamba hewa inayoingia imezidi haja kwa nusu, kwa kuwa hakuna tanuri liwezalo kuichanganya na moto kwa ukamilifu, moshi wa kilo hiyo moja utakuwa na uzito wa kilo 10. Ukitoka ukiwa na nyuzi 300 za Selisiasi, ambazo kwenye vipimajoto vya Vermont husomeka 572 za Farenhaiti, utakuwa umechukua kiasi cha sudusi ya joto la kuni. Ukitoka ukiwa na nyuzi 600, utakuwa umechukua thuluthi na ziada. Na ikiwa milango inavuja, hata hewa ikaingia maradufu ya haja, hasara itaongezeka ijapokuwa sindano haikusogea, kwani joto ni lilelile ila moshi unaolibeba umekuwa mwingi zaidi. Kwa ajili hiyo fundi mwenye busara haisomi namba hiyo bila ya kulitazama karai. Namba yataka kuulizwa: umepanda kwa sababu mchemko umezidi, au kwa sababu moto umepata njia ya mkato?

Hapo msomaji aweza kusema, basi na tulishushe joto la dohani kadiri linavyoweza kushuka. La, hasha. Dohani ndiyo inayolipa tanuri pumzi yake. Moshi wenye nyuzi 300 una uzito wa nusu ya hewa ya kawaida ya ujazo uleule, na wepesi huo ndio unaoupandisha na kuivuta hewa mpya ipite chini ya chanja. Ukipoa mno, mvuto hulegea, moto huzubaa, na moshi hutafuta kutokea mlangoni. Kuna na balaa la pili. Moshi unaposhuka chini ya nyuzi 120 hivi, mivuke ya kuni isiyoungua huanza kuganda katika kuta za dohani ikawa utando mweusi unaonata, unaoitwa kreosoti, na utando huo ukishika moto siku nyingine huunguza dohani yenyewe na pengine paa la banda. Matanuri mengi ya kuni yanayotegemea mvuto wa kawaida huendeshwa sindano ikicheza baina ya nyuzi 260 na 540, lakini kila tanuri lina kiwango chake, kwa kadiri ya urefu wake, umbo la mikunjo yake na kimo cha dohani yake. Hata mahali kipimajoto kilipochomekwa hubadili hesabu: kile chenye ncha inayoingia ndani ya moshi husoma juu, na kile cha sumaku kinachobandikwa nje ya bati husoma chini sana kuliko hivyo, wala haifai mtu kulinganisha namba yake na ya jirani kabla ya kujua jirani ana kipi.

Mtu akitaka kuiona sindano inavyokwenda, na asimame kando ya tanuri wakati wa kutia kuni. Mtia kuni huvaa glavu ndefu za ngozi, huviweka tayari vipande atakavyotia, kisha hufungua ubawa mmoja wa mlango, na wa pili akauacha umefungwa. Papo hapo hewa baridi ya Machi hujitosa ndani, ikapita juu ya makaa bila ya kuunguza kitu, ikapanda mwinuko na kupita katika mikunjo. Sindano iliyokuwa katika 400 huteremka hadi 370, hadi 340. Katika karai la nyuma mapovu yaliyokuwa yakiruka hutulia upande ule ulio karibu na mlango. Yeye hutupa vipande vitano au sita, akivikingamanisha ili hewa ipate nafasi baina yake, na kufunga. Kwa dakika moja hivi hakuna faida inayoonekana, kwa kuwa kuni mpya kwanza hunywa joto ili unyevu wake ukauke. Kisha huanza kutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayowaka kwa ndimi ndefu zinazofika hadi katikati ya mikunjo. Mchemko hurudi, sindano hupanda ikapita pale ilipokuwa, hukaa kileleni kwa muda, na gesi inapokwisha na kubaki makaa, ndimi hufupika nayo sindano huanza kushuka. Mzunguko wote huchukua dakika 7 hadi 10. Fundi stadi hatii kuni sindano ikiwa inapanda, wala hangoji ishuke hadi shimoni. Hutia pale inapoanza kukiacha kilele, na mara hii hufungua ule ubawa mwingine, ili nusu ya moto iwe katika nguvu zake wakati nusu ya pili inapolishwa.

Wengine huutumia mlio wa saa badala ya sindano, wakitia kuni kila zikitimia dakika 8, na sioni ubaya wa mtindo huo madhali kuni zote ni za aina moja na ukavu mmoja. Lakini kuni za kweli hazina usawa huo, na saa haijui kwamba fungu hili lilikuwa la misonobari na lile la mepo, ilhali sindano hujua.

Kosa kubwa, tena la watu wengi wenye bidii, ni kulijaza tanuri hadi juu ili kupumzika muda mrefu. Kuni nyingi zikipata moto kwa pamoja hutoa gesi inayozidi hewa iliyopo. Gesi isiyopata hewa hutiririka katika mikunjo bila ya kuungua, ikaacha masizi, na ikifika kwenye dohani, ambako huenda ikakutana na hewa inayovuja, huwakia hukohuko. Hapo sindano hupita 550, na usiku bati la chini ya dohani huonekana limeanza kuwa jekundu. Watazamaji hustaajabu kwa kuona moto mkubwa, kumbe moto ule unaipasha mbingu. Dawa yake ni kuni chache, nyembamba, mara kwa mara: vipande visivyozidi unene wa kifundo cha mkono, kwa kuwa kipande chembamba kina ngozi nyingi kwa uzito wake na huwaka upesi, ambapo gogo nene huwaka polepole likitawaliwa na makaa, na makaa huchemsha karai la mbele tu yasifikishe mwali nyuma.

Hewa nayo ina kilango chake. Katika tanuri la zamani, kilango cha chini hufunguliwa wazi wakati wa kuwasha na kupunguzwa kidogo kidogo kadiri dohani inavyopata nguvu ya kuvuta, mpaka sindano itulie. Matanuri ya siku hizi yana milango isiyopitisha hewa na feni zinazosukuma hewa kwa njia mbili, sehemu ikiingia chini ya chanja na sehemu ikipulizwa kwa vitundu juu ya moto, ambako huikuta gesi ile iliyokuwa ikitoroka na kuiunguza papo hapo chini ya makarai. Tanuri la namna hii hutumia kuni chache kwa kazi ileile, na moshi wake huwa karibu hauonekani. Ila feni si ruhusa ya kuacha kufikiri. Ikizidishwa chini, huusukuma mwali upite mikunjo kwa haraka kuliko mikunjo iwezavyo kuupokonya joto, na sindano itasema hivyo mara moja.

Faida ya sindano ambayo mimi naithamini kupita zote ni kwamba hufichua maradhi ya tanuri siku nyingi kabla jicho halijayaona. Chukua mfano wa fundi aliyezoea kuona nyuzi 380 kwa utiaji wake wa kawaida, na wiki ya tatu ya msimu akaona 430, kuni zikiwa zilezile, na utomvu unaovukizwa kwa saa ukiwa umepungua. Sababu ya kwanza ya kushuku ni masizi. Masizi ni kizuizi kikubwa cha joto, na utando mwembamba katika pande za mikunjo watosha kulifukuza joto lipite bila ya kuingia utomvuni. Huondolewa kwa brashi ndefu, tanuri likiwa limepoa, mikunjo yote mmoja baada ya mwingine. Ikiwa masizi yameondolewa na sindano bado i juu, na atazame sakafu ya tanuri chini ya karai la nyuma: pengine mchanga au matofali yametitia, pakabaki pengo chini ya mikunjo, na moshi, ambao daima hufuata njia iliyo rahisi, unapita katika pengo badala ya kupita baina ya mikunjo. Upande wa utomvu nao una taka zake, kwani mepo hutoa chumvichumvi nyeupe, kwa wingi ikiwa kalsiamu malati, inayotuama katika karai la mbele na kuganda chini ikawa ukoko. Ukoko huo huleta hasara ileile ya masizi, na hatari ya kuunguza karai juu yake. Sindano ikiwa chini kuliko desturi, mashaka huelekea kwingine: kuni mbichi, chanja iliyozibwa na majivu, au mlango usiofunga sawasawa unaoingiza hewa baridi.

Kuhusu kuni mbichi sitaki kupita upesi, kwa kuwa hapo ndipo msimu huharibika kabla haujaanza. Mti uliokatwa leo aghalabu nusu ya uzito wake ni maji. Anayeutia motoni huwa na maji ya namna mbili ya kuvukiza, ya utomvu na ya kuni, na yale ya kuni hayamlipi chochote; tena mvuke wake huupoza mwali mahali ambapo ungetakiwa kuwa mkali. Kuni za Machi hupasuliwa na kupangwa chini ya paa mwaka mmoja kabla, zikipigwa na upepo kiangazi chote, mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 20 au chini. Kwa uzito ulio sawa na ukavu ulio sawa, miti laini na miti migumu hutoa joto linalokaribiana, na watengenezaji wengi hufurahia mabanzi ya misonobari kutoka viwanda vya mbao, kwa kuwa huwaka kwa mwali mrefu unaofika nyuma.

Kuna mafundi ambao sasa huupitisha utomvu kwanza katika mitambo ya kuchuja kwa shinikizo, iliyoanza kutumika katika kazi hii miaka ya 1970, wakaondoa robo tatu za maji au zaidi kabla ya kuwasha moto. Kuni zinazookolewa ni nyingi mno, nami siwalaumu. Lakini utomvu mzito huivisha shira kwa kasi, na kasi hiyo hupunguza nafasi ya kusahihisha. Moto unaopanda na kushuka ovyo, ambao katika utomvu mwepesi ungeleta uchelewevu tu, katika utomvu mzito huleta karai lililoungua.

Na hiyo ndiyo sababu ya mwisho ya kutaka sindano iliyotulia. Shira imeiva ikifika nyuzi 4 hivi juu ya kiwango cha kuchemka maji, yaani karibu 104, sukari yake ikiwa kiasi cha asilimia 67. Mchemko ukiwa sawa, utomvu husukumana taratibu toka karai la nyuma hadi la mbele, mwepesi ukiufuata mzito bila ya kuchanganyika, na shira hutoka kidogo kidogo kila baada ya muda. Mchemko ukizimika kila mlango unapofunguliwa, mzito na mwepesi hurudiana, shira hukaa motoni muda mrefu kuliko inavyostahili, rangi yake huzidi weusi, na kina cha utomvu, ambacho katika karai la mbele aghalabu ni sentimita 3 hadi 5 tu, huyumba. Povu likipanda kwa ghafula, tone la siagi au mafuta hulituliza.

Kufunga kazi kwataka hesabu vilevile, tena mapema. Moto wa kuni hauzimiki kwa kugeuza kifungo. Chanja iliyojaa makaa huendelea kuchemsha kwa nusu saa na zaidi baada ya kipande cha mwisho kutiwa. Fundi hutazama tangi, akakadiria utomvu uliobaki, akaacha kutia kuni tangi likiwa bado na akiba ya kutosha kuyafunika makarai mpaka sindano ishuke chini ya 150 na mapovu yakome kabisa. Hapo ndipo huufunga mlango wa hewa, akapima kina katika makarai yote mawili, na kuongeza utomvu palipopungua kabla ya kuondoka bandani.